Mpini wa Bomba la Broad Street

  Mwalimu wa darasa, kabla hatujaanza, tafadhali andika ubaoni maneno manne: kipindupindu, bomba, ramani, mpini. Wanafunzi wayasome kwa sauti mara mbili, maana leo tutakutana nayo mara nyingi.

Leo nataka kuwapeleka London, mji mkuu wa Uingereza, katika mwaka 1854. Huenda mmoja wenu akauliza, "Sisi na London ya zamani tuna nini?" Ngoja kidogo, ndugu yangu. Habari nitakazowapa ni za watu waliokuwa wakifa kwa maji ya kunywa, wala hawakujua kuwa ni maji. Na yule aliyejua hakuaminiwa.

London wakati ule ulikuwa mji mkubwa kupita miji yote ya Ulaya. Watu wake walipita milioni mbili. Lakini msidhani ulikuwa mji safi. Nyumba nyingi zilikuwa na shimo la choo uani, au hata chini ya sakafu ambayo watu walilala juu yake. Mashimo yalijaa yakafurika. Matajiri walipoanza kutumia vyoo vya kumwagia maji, uchafu wao ulipelekwa na mifereji mpaka mto Thames. Na kampuni za maji zilivuta maji ya kuuzia watu kutoka mto uo huo. Nilipoyasoma haya kwa mara ya kwanza chuoni, nilirudi nikausoma ukurasa tena, nikidhani nimekosea.

Basi katika mji kama huo kipindupindu kiliingia. Ugonjwa huu ulitoka Bara Hindi, ukafuata njia za wafanya biashara, za majeshi na za merikebu, hata mwaka 1831 ukafika Uingereza katika bandari ya Sunderland. Hata pwani yetu haukuisahau. Uliua watu wengi Unguja katika miaka ya 1869 na 1870, na daktari mmoja Mskochi aliyekuwa akifanya kazi huko, James Christie, aliandika kitabu juu yake, kikapigwa chapa London mwaka 1876. Wazee wetu waliuita waba.

Mnajua unavyofanya kazi. Mtu huamka mzima, adhuhuri akaanza kuhara na kutapika, maji yakamtoka meupe kama maji ya kuoshea mchele, macho yakaingia ndani, ngozi ikanyauka, na jioni akawa maiti. Leo twajua kwamba mtu huyu anakufa kwa kuishiwa maji na chumvi mwilini, na kwamba akinyweshwa maji safi yenye chumvi na sukari kwa kipimo, wengi hupona. Ajabu ni kwamba mwaka 1832 daktari mmoja wa Leith, Scotland, jina lake Thomas Latta, aliwatia wagonjwa maji ya chumvi katika mishipa ya damu, na baadhi yao wakainuka. Lakini wenziwe hawakumfuata. Dawa ilikuwa karibu na mkono, ikasahauliwa miaka mingi.

Katika miaka ya 1848 na 1849 kipindupindu kiliua zaidi ya watu 50,000 katika Uingereza na Wales. Je, wakubwa wa serikali walisemaje? Walisema ugonjwa unatokana na hewa mbaya, yaani uvundo wa takataka na vyoo. Mtu akivuta uvundo ule puani, basi ameshikwa. Wala tusiwacheke. Palipo na uvundo ndipo palipokuwa na maskini wengi, na ndipo watu walipokufa kwa wingi. Jambo lilionekana wazi kama mchana. Kwa kufuata wazo hilo, waliamuru mifereji ya mji isukumwe maji kwa nguvu ili uvundo uondoke majumbani. Uchafu wote ukaenda mtoni. Na mto, kama nilivyosema, ndio waliokuwa wakiunywa.

Sasa aingie mtu wetu. Jina lake John Snow. Alizaliwa mwaka 1813 katika mji wa York, mtoto wa kwanza wa mfanya kazi wa mikono, na nyuma yake walifuata ndugu wanane. Alipokuwa na miaka 14 alipelekwa kujifunza kwa daktari mmoja wa Newcastle. Bado kijana hajatimiza miaka ishirini, alitumwa kuwatazama wachimba makaa ya mawe waliopatwa na kipindupindu. Wale watu walikula chini shimoni, giza, bila maji ya kunawa, na haja walifanya papo hapo. Snow aliyatazama hayo akayaweka moyoni. Baadaye alikwenda London, akawa bingwa wa dawa za usingizi. Mwaka 1853 yeye ndiye aliyempa Malkia Victoria klorofomu alipokuwa akijifungua. Basi hakuwa mtu asiyejulikana. Hata hivyo mwaka 1849 alipoandika kijitabu kusema kwamba kipindupindu huingia kwa kinywa na si kwa pua, kwamba kitu fulani kitokacho katika choo cha mgonjwa huingia katika maji ya mzima, madaktari wengi walitikisa vichwa.

Alifikiri hivi: kama ugonjwa ungeingia kwa pumzi, ungeanza kifuani. Lakini huanza tumboni. Kwa hiyo kilichouleta kimemezwa. Ni fikira nyepesi, hata mtoto aweza kuifuata, na bado mabingwa waliikataa.

Tarehe 31 Agosti 1854 usiku, katika mtaa wa Soho, karibu na njia iitwayo Broad Street, watu walianza kuanguka kwa mkupuo. Katika siku kumi walikufa zaidi ya 500. Zilikuwako nyumba ambazo hakubaki mtu wa kumzika mwenziwe. Wenye nauli walikimbia, na katika wiki moja mtaa ulikuwa karibu mtupu.

Snow alikaa si mbali na hapo. Alikwenda katika ofisi ya serikali inayoandika vifo, akaomba daftari. Naomba mkae hapa kidogo, ninyi mnaojifunza kusoma na kuandika mkiwa watu wazima. Mtu huyu hakuanza na dawa, wala hakuanza na kisu. Alianza na daftari la majina na anwani. Akachukua orodha ya waliokufa, akaenda mlango kwa mlango akiuliza, "Marehemu alikuwa akinywa maji ya wapi?"

Karibu wote walikuwa wakinywa maji ya bomba la Broad Street. Lile halikuwa bomba kama la majumbani mwetu leo. Lilikuwa bomba la kisima, lenye mpini mrefu wa chuma; ukiushusha na kuupandisha, maji hutoka. Maji yake yalisifiwa kuwa matamu na meupe, watu walipita mabomba mengine ili wateke pale. Baadaye Snow alichora ramani ya mtaa, na kwa kila aliyekufa akatia mstari mdogo mweusi mbele ya nyumba yake. Mistari ikakusanyika kulizunguka bomba lile kama nzi juu ya kidonda.

Lakini ramani peke yake haitoshi. Mtu wa hewa mbaya aweza kusema, "Ndiyo, hapo ndipo hewa ilipokuwa mbaya kupita pengine." Snow alilijua hilo, kwa hiyo akatafuta watu wawili wa ajabu: aliyekaa karibu na bomba asife, na aliyekaa mbali akafa.

Karibu na bomba palikuwa na nyumba ya kulelea maskini, ina watu 535, imezungukwa na vifo pande zote. Walikufa watano tu. Kwa nini? Walikuwa na kisima chao wenyewe. Katika Broad Street yenyewe palikuwa na kiwanda cha pombe, chenye wafanya kazi zaidi ya 70. Hakufa hata mmoja. Walipewa pombe ya kiwandani, na kiwanda nacho kilikuwa na kisima chake. Maji ya bomba la njiani hawakuyagusa. (Snow mwenyewe hakuwa mtu wa kunywa pombe kabisa. Nafikiri jawabu hili halikumfurahisha sana, lakini aliliandika kama lilivyo.) Na katika njia hiyo hiyo palikuwa na kiwanda cha fataki za bunduki. Mwenye kiwanda aliwawekea watu wake mapipa mawili ya maji ya bomba, kwa wema wake, ili wasipate kiu. Walikufa 18.

Halafu kuna yule mama mjane. Huyu alikuwa amekwisha kuhama Soho, akakaa Hampstead, mbali, penye hewa safi na upepo wa mlimani. Hapakuwa na kipindupindu pale. Lakini aliyapenda mno maji ya Broad Street, hata kila siku gari lilimletea chupa kubwa ya maji yale. Akayanywa, akafa. Mpwa wake wa kike alikuja kumtembelea, akanywa, akarudi kwake Islington, akafa. Hewa gani iliyopita juu ya nyumba elfu nyingi bila kumgusa mtu, ikaja kuwachagua hawa wawili?

Tarehe 7 Septemba, jioni, baraza la mtaa lilikuwa limeketi. Snow akaomba nafasi ya kusema. Akawaeleza. Wale wazee hawakuamini vizuri, lakini walikuwa wameshindwa, watu wanakufa, wala hawana shauri lingine. Wakakubali. Asubuhi ya tarehe 8 mpini wa bomba ukang'olewa.

Sasa nitawaambia jambo ambalo baadhi ya vitabu hulificha ili hadithi ipendeze. Mpini ulipong'olewa, vifo vilikuwa vimekwisha kuanza kupungua, maana watu wengi walikuwa wamekimbia. Snow mwenyewe aliandika hivyo. Hakujidai kwamba ameuzima moto. Lakini sikilizeni lililogunduliwa baadaye.

Palikuwa na kasisi kijana katika mtaa ule, Henry Whitehead. Alikuwa akiwazika watu wake, akiwajua kwa majina. Aliposikia maneno ya Snow alikasirika, akasema atayabatilisha. Akaanza kuuliza nyumba kwa nyumba, mara nne, mara tano katika nyumba ile ile. Na kadiri alivyouliza, ndivyo alivyoona kwamba Snow amesema kweli. Mwisho wake yeye ndiye aliyekiona kilichokuwa kimepotea. Akisoma daftari la vifo alikuta mtoto mchanga wa nyumba namba 40 Broad Street, iliyokuwa karibu kabisa na bomba. Mtoto alikuwa ameugua kuhara siku chache kabla ya watu kuanza kuanguka. Whitehead akaenda kwa mama yake. Mama akasema aliviosha vitambaa vya mtoto katika ndoo, na maji yale aliyamwaga katika shimo la choo mbele ya nyumba. Shimo likachimbuliwa. Matofali yake yalikuwa yameoza, na kutoka hapo mpaka kisimani hapakufika futi tatu. Uchafu ulikuwa ukipenya udongoni na kuingia kisimani.

Na baba wa mtoto yule, aliyekuwa askari polisi, alishikwa na kipindupindu tarehe 8 Septemba, siku ile ile mpini ulipong'olewa. Ndoo zake nazo zingalimwagwa shimoni. Kama bomba lingalikuwa likifanya kazi, watu waliobaki, na waliokuwa wakirudi, wangalianza kufa upya.

Basi mtadhani wakubwa walikubali. La. Kamati ya mtaa ilikubali, na Whitehead alikuwa mmoja wao. Lakini mabingwa wa serikali walisema hawaoni sababu ya kuyaamini maneno ya Snow. Na mpini? Ugonjwa ulipokwisha, ulirudishwa mahali pake, na watu wakateka tena.

Sasa chukueni penseli, tufanye hesabu kidogo, kwa sababu ushahidi mkubwa kabisa wa Snow haukuwa bomba bali hesabu. Kusini ya mto Thames kampuni mbili ziliuza maji katika njia zile zile. Nyumba hii ina mfereji wa kampuni ya Southwark na Vauxhall, jirani yake ana wa kampuni ya Lambeth. Watu ni hali moja, na hewa wanayovuta ni moja. Lakini Lambeth, tangu 1852, walikuwa wamehama, wakavuta maji juu mtoni, kabla mto haujapokea uchafu wa mji. Wale wengine walibaki chini. Snow alitembea tena mlango kwa mlango. Wapangaji wengi hawakujua maji yao ni ya nani, kwa kuwa mwenye nyumba ndiye aliyelipa. Basi alichukua maji kidogo akatia dawa iliyotengenezwa kwa fedha, inayoonyesha chumvi. Maji ya chini ya mto yalikuwa na chumvi mara 40 kuliko ya juu. Hivyo chupa ikamwambia lile ambalo mpangaji hakulijua.

Andikeni. Katika wiki saba za kwanza za ugonjwa wa 1854, Southwark na Vauxhall walikuwa na nyumba 40,046, na waliokufa ni 1,263. Lambeth walikuwa na nyumba 26,107, na waliokufa ni 98. Hatuwezi kulinganisha hivyo hivyo, maana nyumba hazilingani. Kwa hiyo gawanyeni vifo kwa idadi ya nyumba, kisha zidisheni kwa 10,000. Mtapata kwamba kwa kila nyumba 10,000 za kampuni ya kwanza walikufa 315, na kwa kila nyumba 10,000 za kampuni ya pili 37 na kitu. Ni zaidi ya mara nane. Anayeshindwa asiogope, amwombe mwenziwe. Hesabu hii haikuwaridhisha hata wenye digrii zao.

Snow alifariki mwaka 1858, naye ana miaka 45. Mwaka huo huo, wakati wa joto, mto Thames ulinuka hata wabunge wakashindwa kuketi. Mapazia ya Bunge yalilowekwa dawa ya chokaa ili kuzuia uvundo, wapi! Mara fedha ikapatikana. Mhandisi Joseph Bazalgette akapewa kazi ya kujenga mifereji mikubwa ya chini kwa chini, maili 82, ya kuupeleka uchafu mbali mashariki ya mji. Waliijenga kwa sababu ya pua zao, si kwa sababu ya Snow. Lakini kwa kuukimbia uvundo waliyaokoa maji bila kujua.

Kipindupindu kilirudi mwaka 1866. Mji karibu wote ulisalimika, isipokuwa upande wa mashariki, ambako mifereji ilikuwa haijaunganishwa. Walikufa zaidi ya watu 5,000. Kampuni ya maji ya huko iliapa kwamba haikutoa hata tone moja lisilochujwa. Lakini katika nyumba nyingine palionekana samaki aina ya mkunga ndani ya mabomba, na mkunga hapiti katika chujio la mchanga. William Farr, mkuu wa hesabu za vifo, ambaye zamani alikuwa mtu wa hewa mbaya, safari hii alisema wazi kwamba ni maji.

Ningeweza kuishia hapa, lakini kuna mji mwingine sitaki kuuacha. Ni Hamburg, bandari kubwa ya Ujerumani. Kufika mwaka 1892 hapakuwa na kisingizio tena. Daktari Robert Koch alikuwa amekwisha kukiona kijidudu cha kipindupindu, Misri na Bara Hindi, miaka ya 1883 na 1884. Jirani ya Hamburg, ukuta kwa ukuta, palikuwa na mji wa Altona, uliokuwa chini ya serikali nyingine. Miji yote miwili ilikunywa maji ya mto Elbe. Altona ilivuta chini ya mto, baada ya Hamburg kumwaga uchafu wake, lakini iliyachuja maji yake polepole katika mchanga. Juu ya mchanga ule hujifanya utando laini, nao ndio unaovizuia vijidudu. Hamburg ilivuta mahali pa afadhali, lakini haikuchuja. Mabwana wa Hamburg walikuwa wamebishana miaka na miaka juu ya gharama ya machujio.

Mwezi wa Agosti 1892 watu walianza kufa. Wakubwa wa mji, kwa kuogopa kwamba merikebu zitazuiwa na biashara itakwama, walichelewa kutangaza. Siku zile chache maji yaliendelea kutiririka katika kila nyumba. Walikufa watu wapata 8,600. Ilikuwapo njia ambayo upande mmoja ni Hamburg na upande wa pili ni Altona. Upande wa Hamburg waliugua. Upande wa Altona walikuwa wazima, wakitazama majeneza yakitolewa mlango wa mbele yao. Na palikuwa na ua mmoja wa nyumba nyingi ndani ya mpaka wa Hamburg, wenye watu zaidi ya 300, ambao kwa sababu ya mahali ulipo ulikuwa umeunganishwa na maji ya Altona. Katika ua ule hakuugua mtu.

Hata baada ya hayo, mwezi wa Oktoba mwaka huo, profesa mmoja mashuhuri wa Munich, Max von Pettenkofer, mzee wa miaka 73, alikunywa mbele ya watu maji yenye vijidudu vya kipindupindu, ili aonyeshe kwamba kijidudu peke yake hakiui. Alihara kidogo, akapona. Kulikuwa na waliomshangilia. Hamburg haikumngoja, machujio yake yalifunguliwa mwaka 1893.

Broad Street leo yaitwa Broadwick Street, na pamesimamishwa bomba la ukumbusho lisilo na mpini.

Saa yetu imekwisha. Kwa wiki hii nataka kila mmoja aandike sentensi tatu katika daftari lake. Jifanye wewe ni mmoja wa wale wazee wa baraza, jioni ya tarehe 7 Septemba 1854. Hujapata kusikia neno kijidudu. Bado hujui habari za mtoto wa nyumba namba 40. Maji ya bomba ni meupe, na mtaa mzima unayategemea. Daktari mmoja anasimama mbele yako na orodha ya majina. Je, ungalikubali mpini ung'olewe? Kwa sababu gani? Msomeane darasani, na mwalimu asimsaidie mtu. Kwaherini.